Sombe Juu ya Meza ya Mama Sifa

Chakacha, chakacha, chakacha. Hivyo ndivyo maua ya plastiki yanavyolia ndani ya beseni la maji ya sabuni, mama mwenye nyumba akiyapekecha kwa mikono miwili kama anayefua nepi. Kila Jumamosi asubuhi avenyu yetu hapa mjini Baraka ililia hivyo, nyumba kwa nyumba, kabla hata vinu havijaanza kutwanga sombe. Kisha mama anayatikisa, matone yanarukia jirani, anayaanika kwenye kamba katikati ya mashati. Nimeacha kazi ya maua, na mpaka leo sauti ile naisikia vizuri kabisa, na inaniuma meno.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaofanya deko, mnaopamba salon, sebule za watu, wakipokea bageni, wageni wao. Mnapita kwangu kila wiki mkiniuliza mambo, halafu mnakwenda kufanya kinyume. Nimechoka kusema kwa mdomo. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo mkikuta nimeandika vibaya mnisamehe.

Na msiniite bibi. Sina hata mvi moja. Utomvu wa maua ndio ulionistaafisha, umenila mikono mpaka ngozi inapasuka nikishika jani. Munganga wa hospitali aliniambia nichague, niache kazi ama niendelee kujikuna. Nimeacha. Lakini bado naota ndoto yangu ileile, kwamba siku moja sokoni, kati ya mama wa ndagala na mama wa mafuta ya mawese, atakaa mama wa maua, na watu watapita wakimwuliza leo umeleta nini. Mnacheka. Chekeni tu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mahari ya binti wa jirani. Naingia salon, naona katikati ya meza kuna majani ya muhogo. Sombe, imechomekwa kwenye chombo cha kioo, imefungwa utepe wa dhahabu. Nikamwuliza msichana wa deko, mwanangu, hii ni nini? Akanijibu bila aibu, "Dada Feza, hii njo mutindo yako. Bantu bote banasema weye njo uliianzisha kwa Mama Sifa."

Nilitaka kukaa chini palepale. Mtindo wangu? Sikuanzisha mtindo wowote. Siku ile nilikuwa nimekosa maua, na kwa nini niliyakosa nitawaeleza. Lakini kwanza mjue kazi yenyewe, maana naona hamuijui.

Mimi nilifundishwa na Mama Salome, aliyekuwa akipamba altare parokiani kabla hajaanza kupamba nyumba za watu. Alikuwa mnene, mkali, hana subira hata na Mungu. Siku ya kwanza alinituma nikate maua ya karatasi, yale ya rangi ya zambarau yenye miiba yanayopanda ukuta. Nikayaleta na majani yake yote, nimefurahi, nimekwaruzwa mpaka kwenye viwiko. Akayatazama. "Umeniletea mbuzi chakula?" Akanionyesha. Majani mabichi yote unayatoa, kwa sababu yanayanywea maua maji yao. Kisha unazamisha matawi mazima ndani ya ndoo, na vichwa vyake pia, mpaka yanywe na kukakamaa. Hapo ndipo yanakaa siku mbili tatu. Ninyi mnayachomoa ukutani, mnayatia chomboni, na bageni hawajamaliza soda maua yameshainama kama yanasali.

Maua yenye maziwa, ncha ya shina unaigusisha kwenye kaa la moto mara tu ukikata. Usipofanya hivyo yanavuja mpaka yanakufa. Haibiskasi ni la siku moja, hata ulipe maji ya mbinguni. Lichume siku ileile, na usilitie mezani ukijua bageni watakaa mpaka jioni, kwa sababu jioni linafunga na kuwaambia nendeni. Yale meupe kama vikombe, wanayoteremsha bamama wa milimani siku za soko, hayo ndiyo ya kununua. Ukiyaheshimu yanakaa wiki. Na kila ua la bustani, kila moja, ligeuze kichwa chini, uligonge gonge kwenye ukuta. Mimi niliwahi kusahau. Tulimpokea pasta, na sisimizi walishuka kutoka kwenye maua, wakavuka meza kwa mstari, wakapanda mkono wa koti lake katikati ya sala ya chakula. Mtumishi wa Mungu alijikaza. Aliifupisha tu sala. Mama Salome hakusema nami mpaka tukafika nyumbani, na alipoanza hakunyamaza.

Urefu sasa. Weka kiwiko mezani, kunja ngumi. Maua yasiipite ngumi. Mnaona ni sheria ya zamani, sawa. Kuna tajiri mmoja wa machimbo ya Misisi, dhahabu ilimkubali, akajenga nyumba kubwa hapa Baraka na akaniita. Alitaka maua juu ya frigo, juu ya televisheni, juu ya spika, na mezani alitaka "ile kubwa, ipite ya kwa jirani". Nikamwambia, papa, bageni hawataonana. Akasema, "Banakuja kuniona mimi." Nikayaweka. Bageni wakaja, wakakaa pande mbili za ule msitu. Mzee mmoja akaanza kutoa salamu, akasimama katikati ya neno, akauliza, "Papa mwenye nyumba, uko upande gani?" Sauti ikajibu kutoka kwenye majani, "Niko huku." Wakazungumza hivyo siku nzima. Na mwisho tajiri akanilaumu mimi.

Basi. Kwa Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa mjane, mwenye nyumba ya matofali mabichi karibu na njia inayoteremka ziwani. Kama sisi wengi alikimbilia Tanzania, akakaa kambini miaka mingi, akamzika mumewe huko, akarudi na binti yake Sifa na masufuria. Alipanda muhogo nyuma ya nyumba kabla hata hajaezeka paa. Sifa akakua, akapendana na kijana wa Nundu, Asukulu, muuguzi, mtoto wa adabu. Kijana hana baba. Mwenye neno kwao ni baba yake mdogo, Muzee Wilondja, mkulima, mtu wa maneno machache na mabaya.

Huyo Muzee alikuwa ameshakataa mara moja. Aliwaambia watu, na watu wakatuletea, kwamba "bale bantu ba kambi ni bapita-njia. Leo bako, kesho banafunga mizigo. Mutoto yetu ataoa muke ao ataoa safari?" Asukulu akamlilia, akamwomba, mpaka akakubali kuja kuona. Kuja kuona tu. Akisharudi Nundu akisema hapana, imekwisha. Sifa alikonda wiki ile mpaka kitenge kikamzunguka mara mbili.

Sasa mnajua desturi yetu. Ukipokea wakwe, unaazima. Viti viliazimwa kanisani, vingi vya plastiki na viwili vyenye mikono, kimoja cha Muzee Wilondja na kingine cha mzee wa kanisa atakayesema kwa niaba ya mjane. Napi, kitambaa cha meza, iliazimwa. Na maua ya plastiki yaliazimwa kwa jirani, mawaridi mekundu ambayo avenyu nzima inayajua, kwa sababu yameshahudhuria mahari nyingi kuliko pasta.

Niliyaona mezani nikasema hapana.

"Juu ya nini hapana?" Mama Sifa akaniuliza.

"Mama, huyu muzee anasema ninyi ni wapita-njia. Unamwekea mezani maua ya kuazima? Shangazi yake kijana anaishi hapa Baraka. Ataingia, atayatambua, atasema, ah, hata maua si yao."

Akafikiri. "Maua mabichi yatalala, yatanyauka."

"Hayatalala. Nitayachuma mimi."

"Na bageni batasema nimekosa ya kweli."

Mnasikia? Ya kweli ni ya plastiki. Na kwa moyo wangu wote nampenda yule mama, lakini siku ile nilitamani kupiga kichwa ukutani. Tulibishana mpaka Sifa akaingia akasema, "Mama, tafazali, acha Dada Feza afanye." Akakubali.

Nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna aliyeiona. Alfajiri nilikuwa bustanini kwa masista, wakaniruhusu. Nikachukua yale meupe ya vikombe, nikachukua maua ya karatasi nikayanywesha kwenye ndoo, nikaweka majani marefu ya matete ya ziwani nyuma yake. Sikupita ngumi. Chombo kilikuwa bidoni, dumu la mafuta nililolikata na kulivika kitambaa. Nilipomaliza nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikatazama, nikajisikia kama mtu aliyeimba vizuri. Nikaenda nyumbani kuoga na kubadili nguo.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichosikia ni beseni.

Nikazunguka nyumba mbio. Mama Sifa alikuwa ameinama nyuma, mikono ndani ya povu mpaka kwenye viwiko, sabuni ya unga pembeni, na brashi ya kusugulia viatu.

"Mama. Unafanya nini?"

"Nasafisha tu kidogo. Ilikuwa na mavumbi." Akainua ua moja jeupe. Lilikuwa limekunjika kama kitambaa cha pua. "Lakini hii ni aina ya hovyo, Feza. Inapasuka."

"Iko na uhai, mama. Siyo plastiki."

"Njo maana nilitia sabuni kidogo."

"Na brashi?"

"Brashi nilipitisha pole pole."

Nikakaa kwenye jiwe. Sikuweza kumpigia kelele, kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtoto aliyepewa sahani akaivunja. Maisha yake yote maua yanaoshwa kabla ya mgeni. Mgeni wa heshima anawekewa maua safi. Alikuwa ameogopa kwamba Muzee Wilondja atapitisha kidole kwenye ua, akute vumbi, aseme, unaona, hata usafi hawana. Mimi nilimfundisha kila mtu kuchuma na kukata, lakini sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba ua bichi halioshwi. Nani anasema kitu kama hicho? Ni kama kumwambia mtu asipige pasi samaki.

Akasema, "Imelala tu. Nikianika itaamuka."

"Haitaamka, mama."

Hapo simu ya Sifa ikalia ndani. Tukamsikia akijibu kwa sauti nyembamba, kisha akatoka. "Asukulu anasema banapita Mboko, bako karibu."

Mama Sifa akafuta mikono kwenye kitenge. "Niende niazime tena ile ya plastiki."

"Jirani ameshafunga nyumba, amekwenda sokoni," Sifa akasema, na machozi yakaanza.

"Usilie, utaharibu poda," nikamwambia, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia. Nikatazama ile bustani. Bustani gani? Muhogo, muhogo, muhogo. Mpapai dume mmoja ambao kila mtu alimshauri Mama Sifa aukate kwa sababu hauzai. Pilipili karibu na jiko. Lenga-lenga, mchicha uliozeeka, imetoa vichwa vyekundu.

Nikachukua kisu.

Sikuwaza mtindo, sikilizeni. Niliwaza meza tupu. Nilikata vichipukizi vya muhogo, vile vya juu kabisa, vyenye vikonyo vyekundu na majani yaliyofunguka kama vidole. Nikagusisha ncha zake kwenye kaa, maana muhogo nao una maziwa. Nikachuma vishada vya maua ya mpapai dume, vile vidogo vyeupe vinavyoning'inia kama shanga, na vinanukia utamu usiogombana na harufu ya samaki wa bageni. Nikaongeza matawi ya pilipili yenye nyekundu na kijani, na lenga-lenga pembeni. Nikapanga nikilalamika peke yangu kwa sauti mpaka mzee wa kanisa, aliyefika mapema, akaniuliza nasali sala gani.

Gari likasimama. Wakaingia: Asukulu anatoka jasho, shangazi yake wa hapa Baraka amevaa vizuri kuliko bibi harusi, na nyuma Muzee Wilondja, mrefu, mkavu, kofia mkononi. Mzee wa kanisa akawapokea. Mama Sifa alisalimia kwa kupiga magoti kidogo, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, nyuma ya mabega ya watu wote, kama mtu aliyeajiriwa kuleta maji. Nilimkonyeza asogee. Akatikisa kichwa.

Shangazi aliona meza kwanza. Bila shaka angeiona.

"Hii ni nini?" Akavuta jani. "Si sombe hii? Asukulu, tulikuya kuomba bibi ao tulikuya kutwanga?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kikohozi. Mzee wa kanisa akaanza kusema, bon, mama, ni ubunifu wa vijana. Sifa, kule chumbani nyuma ya pazia, nilijua ameziba mdomo. Mimi nilisimama na trei ya soda mkononi nikitamani sakafu inimeze, na trei pia.

Ndipo Muzee Wilondja akanyoosha mkono. Akachomoa kichipukizi kimoja chomboni. Akakigeuza, akakisogeza mwangani dirishani. Akapitisha kidole gumba juu ya jani, polepole, upande huu na upande ule. Hakutafuta vumbi.

"Hii haina ugonjwa," akasema.

Akakigeuza tena, akatazama upande wa chini wa majani.

"Kwetu Nundu majani yote inakunjamana, ina madoa ya njano. Muhogo inatoa mizizi kama vidole ya mutoto. Hii ni safi. Ilitoka wapi?"

Mzee wa kanisa, msemaji wetu, akageuka kunitazama mimi. Hakujua. Basi kutoka kwenye kigoda sauti ndogo ikajibu, "Ni ya hapa nyuma, papa."

"Nani alipanda?"

"Ni mimi."

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Nilikata vijiti shambani kwa mama mukubwa yangu tuliporudi. Ile inayokunjamana naing'oa mara moja, nachoma. Ile nzuri tu njo ninarudisha udongoni." Na kwa sababu hakuna aliyemkatiza, akaendelea. "Kila musimu naing'oa mubaya, narudisha muzuri. Tangu tulirudi."

"Tangu mulirudi," Muzee akarudia. Akawa anakitazama kile kichipukizi, kisha akagusa vile vishada vyeupe chomboni. "Na mpapai huu dume, kwa nini hukuukata?"

"Ni mimi niliupanda vilevile. Nauonea huruma."

Shangazi akaguna. Muzee Wilondja akasimama, kichipukizi mkononi, kofia akaiacha kitini. "Nionyeshe."

Wote wakatoka kwa mlango wa jikoni, kwa mstari, Muzee mbele na Mama Sifa akikimbia kumpita ili amfungulie njia kati ya masufuria. Shangazi akafuata ameinua sketi. Hata Sifa akatoka chumbani akasimama mlangoni, kisha akatoka nje. Nikabaki peke yangu na chombo changu kilichochomolewa nusu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msichomeke sombe mezani mkaifunga utepe wa dhahabu. Muhogo wa sokoni hauna la kumwambia mtu. Ukiitwa kupamba nyumba, zunguka nyuma kwanza. Tazama mwenye nyumba amepanda nini kwa mkono wake. Kama ni haibiskasi, chukua haibiskasi. Kama ni pilipili, chukua pilipili. Kama hana kitu, nunua yale meupe ya milimani. Na ukimaliza, mwambie kwa lugha nyepesi, mbele ya mashahidi ikibidi: mama, haya hayaoshwi.

Nje niliwasikia. Mama Sifa alikuwa anaeleza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayejua anachosema, unang'oa hii, unaacha ile. Kisha Muzee: "Mvua ikianza nitarudi kuchukua mbegu." Kisha akamgeukia mzee wa kanisa. "Muzee, usikasirike. Ya muhogo na ya binti, nitaongea na huyu mama mwenyewe. Turudi ndani."

Nikaweka trei chini. Kiti chenye mikono alichowekewa mzee wa kanisa nikakisukuma mpaka mbele ya kile chenye kofia ya Muzee, vikatazamana. Kigoda nikakitoa nje kwa mlango wa mbele, nikazunguka nacho pembeni ya ukuta, nikakificha juu ya paa la banda la kuku, Mama Sifa asije akakiona akakikalia tena.